Bati Hupigiliwa Kiangazi

Siku ile nilirudi nyumbani na hasira za magunia matatu. Mimi ni karani wa ghala mjini Babati. Napokea mahindi na mbaazi, napima, naandika. Asubuhi hesabu ilipungua magunia matatu, na kabla daftari halijafunuliwa ukurasa wa pili nikaambiwa yatakatwa kwenye mshahara wangu. Nikameza. Mchana mshahara wenyewe, uliokuwa umechelewa wiki mbili, ukasogezwa mbele tena. Nikameza na hilo. Jioni nimo kwenye Hiace ya kurudi Bonga, nimebanwa kati ya dumu la mafuta ya alizeti na mama mwenye majogoo wawili, na wingu jeusi limekaa upande wa Bereko likisubiri.

Upepo ulitangulia, mvua ikafuata. Niliposhuka barabarani nililowa hadi soksi kabla sijamaliza kumlipa konda. Kufika nyumbani, mabati matatu ya upande wa jikoni hayapo. Moja lilikuwa limelala kwenye mbaazi za jirani, limekunjika kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Mke wangu na mama yangu wanaburuta gunia la mahindi kulipeleka chumba cha mbele. Mama, na miaka yake sabini na ushee, kitenge kimemganda mwilini. Mtoto wetu wa darasa la nne amesimama jikoni, ameshika ndoo kwa mikono miwili chini ya tundu ambalo hata ndoo ishirini zisingelitosha. Haongei, halii. Ungedhani akiiachia ile ndoo nyumba nzima itafuata yale mabati.

Na mimi, baba mwenye nyumba, neno la kwanza nililotamka mlangoni lilikuwa: "Nani ameacha dirisha wazi?"

Mke wangu hakuinua hata uso. "Shika gunia, baba watoto. Dirisha tutalijadili kesho."

Kesho yake tulilijadili, na nitalirudia dirisha hilo kwa sababu lina aibu yake. Lakini kwanza niseme kilichonifanya niandike. Yaliyotuharibikia jioni ile, ukiacha upepo wenyewe, yalikuwa yameharibika miezi mingi nyuma, siku za jua kali, wakati hakuna aliyelowa wala aliyekasirika. Msumari haukulegea siku ya dhoruba. Kinyongo changu na kazi hakikuanzia kwenye magunia. Na hatukuwahi kukaa, mimi na mama watoto, tukaulizana: upepo ukija wewe uko Babati, nani afanye nini? Vijana wa mjini hututania kwamba sisi wa Bonga tumepewa jina la kupiga soga, maana kwao kubonga ni kuongea. Tunaongea, ni kweli. Tunaongea mpira, bei ya alizeti na nani kaoa. Mvua tunaijadili ikiwa imekwishaingia ndani.

Fundi alikuja asubuhi, kijana mdogo tu. Akapanda ukutani, akashika msumari uliobaki kwenye papi, akauvuta kwa vidole viwili. Ukatoka bila kelele kama jino la mtoto. "Mzee, huu haukuwa umeshika kitu," akaniambia. "Ulikuwa mgeni tu hapa." Akanionyesha chini ya kofia ya msumari, mahali palipotakiwa kuwa na raba. Raba haikuwapo, palikuwa na kutu, na maji yaliyopenya hapo kidogo kidogo kila masika yalikuwa yameifanya mbao iwe laini kama muhogo uliochemshwa. Nyumba hiyo niliisimamia mwenyewe. Misumari nilinunua ya bei rahisi ili nipate hela ya rangi ya baraza.

Kisha akanieleza jambo nililokuwa nimelielewa kinyume. Nilidhani upepo hulisukuma bati. Kumbe hulinyonya. Upepo ukipita kwa kasi juu ya paa, mgandamizo wa hewa ya juu hupungua na paa huvutwa kwenda juu, hasa kwenye kingo, kwenye pembe, na pale bati linapochomoza nje ya ukuta. Na kama upande unaopigwa na upepo una mlango au dirisha lililo wazi, hewa huingia ndani, na ikikosa pa kutokea hulisukuma paa kutoka chini. Juu linavutwa, chini linasukumwa. Msumari usio na raba utabaki na nani?

Kwa hiyo dirisha lilihusika. Na aliyeliacha wazi ni mimi, alfajiri, nilipolifungua nitoe mkono nje kutafuta mtandao wa simu. Mke wangu alilijua hilo tangu jioni ile na hakusema. Huo ni ukarimu ambao bado sijajua nitaulipaje.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni wa paa. Kabla ya masika, tafuta fundi au panda mwenyewe ukiwa na mtu wa kukushikia ngazi. Tazama kingo kwanza, maana huko ndiko paa huanza kung'oka. Katikati huwa kunafuata tu. Msumari wa bati uwe na kofia pana na raba, upigiliwe kwenye mgongo wa bati, usipigiliwe kwenye bonde linapopita maji. Pembeni na kwenye kofia ya paa, misumari isogeleane zaidi kuliko katikati. Papi zifungwe kwenye kenchi kwa waya mbali na msumari, na kenchi zishikwe na nondo au waya uliotoka kwenye lenta, kwa sababu bati lililoshikamana vizuri na papi zisizoshikamana na ukuta litaondoka na papi zake. Ukinunua bati jipya kumbuka kuwa namba ya geji inakwenda kinyume: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Na kama una baraza pana, paa lake lijengwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba. Upepo ukilitaka baraza, ulichukue baraza.

Nimeanza na paa kwa sababu ni rahisi kulipigilia. Kazi ni ngumu zaidi.

Sijui mwajiri wako ni wa namna gani. Wangu si mtu mbaya. Ni mtu anayefikiri kwa sauti kubwa, na mawazo yake mengi ya asubuhi huwa ni makosa yetu. Yale magunia matatu yalipatikana baada ya siku nne. Yalikuwa kwenye ukurasa wa pili wa daftari, yameandikwa na mwenzangu siku ambayo lori liliingia usiku. Hakuna aliyeniomba radhi. Niliambiwa "basi, endelea," nami nikaendelea. Ila tangu hapo nina kijitabu changu mwenyewe, cha kurasa mia, kinachokaa mfukoni: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nani alisaini, saa niliyofika na saa niliyotoka. Sikuanza kukiandika kwa ajili ya kushtaki mtu. Nimegundua kwamba jambo likiandikwa halinizungukii kichwani usiku. Kichwa kinaliachilia kwa kuwa karatasi imelishika.

Na ikibidi kushtaki, kijitabu hicho ndicho kitakachosema. Watu wengi tunaofanya kazi kwenye maghala, maduka na migahawa tumeshauriwa neno moja tu maisha yetu yote, nalo ni "vumilia". Mimi nasema vumilia ukijua unavumilia nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Kwa madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, ni siku 60. Siku hizo hupita upesi kuliko unavyodhani, hasa ukizitumia kumsimulia kila mtu kijiweni isipokuwa anayehusika. Kabla ya kufika huko, mwandikie bosi barua fupi yenye tarehe, kwa adabu, na ubaki na nakala. Nilipoandika yangu ya mshahara, ilikuwa na mistari minne. Mshahara ulikuja baada ya siku sita. Sidai kwamba ni barua iliyouleta, lakini ule wa mwezi uliofuata haukuchelewa.

Wapo ambao bosi wao ni soko. Hao nawafahamu vizuri kwa sababu nawapimia mizigo. Wakulima wa Babati hawajasahau mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua kutoka nje, na zao lililokuwa limevuka shilingi 2,000 kwa kilo likaanguka hadi mamia machache. Watu walikuwa wamekopa, wamelima, wamevuna vizuri, kisha wakaambiwa tatizo liko ng'ambo ya bahari. Utamkasirikia nani hapo? Niliona baba akimpigia kelele mwanawe mizani ilipokuwa inasoma, eti hajafunga gunia sawasawa, na gunia lilikuwa limefungwa vizuri kabisa. Nilipotamka lile neno la dirisha nilimkumbuka huyo baba.

Hasira ya kazini huletwa nyumbani kwa sababu nyumbani hakuna wa kukufukuza. Huo ndio ukweli wake, na hauna heshima. Kwa hiyo sisi tuna utaratibu ambao mgeni angeucheka. Kati ya barabara na mlango wangu kuna mparachichi. Nasimama hapo dakika mbili tatu, simu mfukoni, natazama tu. Sisali, sihesabu pumzi, ingawa anayependa kufanya hivyo afanye. Kisha naingia, nasalimia, namwamkia mama, na kama siku ilikuwa mbaya nasema: "Leo nina magunia." Mke wangu huuliza: "Mangapi?" Nikisema moja, tunaendelea na mambo. Nikisema matatu, anajua nisiulizwe habari ya ada ya shule hadi baada ya kula.

Neno hilo limekuwa la nyumba nzima. Mke wangu anashona nguo na anadaiwa na kudai. Naye ana magunia yake. Juzi kaniambia ana moja tu, ila ni la mama yangu, nikaenda kulishughulikia bila kuuliza zaidi. Faida yake ni kwamba mtu hahitaji kugomba ili ijulikane ameumia. Tafuteni neno lenu, la kuchekesha kidogo, msilitafute siku ya ugomvi maana hamtalipata. Usifanye kosa la kudhani anayeshinda nyumbani hana magunia. Anayo, na mara nyingi mojawapo ni wewe.

Sasa turudi kwenye mvua, maana haina subira.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kila siku, na kwenye redio husomwa kwa maneno ambayo wengi tunayasikia kama wimbo: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Hayo ni madaraja, yanapanda kwa mpangilio huo. Wanaposema mvua kubwa, wana maana ya zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 inasikika kama kitu kidogo. Piga hesabu hii: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa langu ni mita 8 kwa 10, yaani mita za mraba 80. Milimita 50 juu yake ni lita 4,000, madumu 200 ya lita ishirini. Jiulize madumu 200 yakimwagwa ukingoni mwa bati lako yatakwenda wapi. Kwangu yalikuwa yanakwenda kwenye msingi wa ukuta wa nyuma, kwa kuwa mtaro ulijaa majani na sikuwahi kuuchimbua. Gata na tanki vingefanya maji hayo yawe mali. Pasipo hela ya tanki, mtaro wa jembe unatosha. Angalia tu usiuelekeze kwa jirani. Kesi nyingi za mvua zinazofika kwa mwenyekiti zinahusu maji ya mtu kuingia kwa mtu mwingine.

Watu wa mkoa wetu wa Manyara hatuhitaji kuhadithiwa nguvu ya maji. Wazee wa mjini wanakumbuka Ziwa Babati lilivyofurika mwaka 1990 na kuingia kwenye makazi. Na sote tunakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, vuli ya El Niño, pale tope, mawe na magogo viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuangukia Katesh, Gendabi na vijiji jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Nina ndugu huko, wamebaki hai. Wao husema kitu kimoja: kwamba mlio ulikuja kabla ya tope, kama malori mengi yanapanda mlima. Anayeishi chini ya mlima au kandokando ya korongo ayaweke haya akilini. Maji ya korongo yakibadilika ghafla yakawa tope zito, au yakipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, kuna kitu kimeziba huko juu na kitafunguka. Usikimbie kuteremka na bonde. Kimbia kwenda ubavuni, upande ulioinuka. Na usirudi kuchukua godoro.

Korongo la kawaida, hili la kwetu unaloliruka kiangazi kwa hatua mbili, linaua pia, na linaua watu tunaowafahamu. Huwa linajaa wakati kwako hakujadondoka hata tone, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 hubeba gari. Dereva wa bodaboda atakuambia anapajua, anapita kila siku. Anapajua pakiwa pakavu. Teremka, umlipe, usubiri. Na watoto wa shule wapewe amri moja isiyo na "labda": korongo likiwa na maji, hakuna kuvuka, wanakwenda kwa mtu fulani anayeishi upande wa shule, mliyekubaliana naye mapema, na wanakaa hapo hadi mkubwa aje. Sisi tumekubaliana na mama mmoja muuza genge. Hakutaka malipo. Tulimpelekea debe la mahindi kwa sababu ombi lililolipiwa hata kidogo hukumbukwa.

Radi nayo ina mambo yake. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu; hizo ndizo kilomita zilizobaki kati yako na radi. Zikiwa chini ya sekunde 30, ingia ndani, na usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chomoa televisheni na chaja, usioge, usiegemee nondo za dirisha. Mama yangu hufunika kioo kwa kanga na kumvua mtoto shati jekundu. Kioo hakiiti radi, wala wekundu hauiiti; lakini kufunika kioo hakujawahi kumdhuru mtu, kwa hiyo hapo sibishani naye. Ninapobisha ni kwenye kujikinga mvua chini ya mti. Na hapa nikiri kwamba mparachichi wangu wa kutulizia hasira una masharti: kukiwa na ngurumo, naingia ndani na hasira zangu. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, anaweza kushikwa mara moja. Kama hapumui na moyo umesimama, kandamiza kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, huku mwingine akitafuta usafiri. Simu ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kuna hatari nyingine ambayo hufika mvua ikiwa imetulia, na huwa haipigi kelele. Ni jiko la mkaa. Nyumba imelowa, watoto wanatetemeka, umeme umekatika, mtu anaingiza jiko chumbani, anafunga mlango na madirisha, wanalala. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta husikia kichwa kinauma na usingizi mzito, kisha hasikii tena. Wapeni watoto nguo kavu na chai ya moto, walale pamoja wabanane, jiko libaki nje.

Mahindi yetu yalilowa magunia mawili. Mke wangu alitaka tuyaanike tuendelee kuyala; mimi nilisema hivyo hivyo kwa sababu ya uchungu wa kuyalima. Tulikumbushwa na mama. Mwaka 2016, Dodoma na sehemu za Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, nayo haionekani kwenye ugali. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyolowa au iliyohifadhiwa haijakauka, na haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo mahindi yaliyolowa tuliyatenga siku hiyo hiyo na hatukuyachanganya na makavu. Tukayatandaza juu ya turubai jua lilipotoka, tukayageuza mchana kutwa, na yaliyobadilika rangi au kunuka uvundo tukayafukia. Kuku pia hawakupewa, ingawa walisimama karibu wakitutazama kwa lawama.

Kujua kama yamekauka hakuhitaji mashine ya ghalani. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko. Tia punje za mahindi robo chupa, tia na vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka vizuri. Funga, tikisa dakika moja, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Ikianguka yote chini, weka ghalani, juu ya chaga, mbali na ukuta. Nilifanya jaribio hilo mbele ya mwanangu wa darasa la nne, na tangu hapo hajaruhusu gunia lolote lifungwe bila chupa yake kupita. Amekuwa mkali kuliko bosi wangu.

Maji ya kisima kilichoingiwa na mafuriko yachemshwe, au yatiwe dawa. Kidonge kimoja cha WaterGuard kinatosha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, ukisubiri nusu saa. Choo kikijaa maji ya mvua, zuia watoto kucheza jirani nacho. Haya mnayajua, napita.

Mwanangu wa ile ndoo ndiye niliyechelewa kumwelewa. Usiku ule, gunia likiwa salama na turubai limefunika tundu, nilimkuta bado ameikumbatia ndoo. Nikamwuliza kwa nini haiweki chini. Akasema, "Nilidhani umeuliza kama mimi ndiye niliyeacha dirisha." Saa tatu nzima alikuwa amejibebesha paa la nyumba. Nilimwambia kwamba dirisha lilikuwa langu, ingawa wakati huo sikuwa na uhakika, nilisema tu ili alale. Ikaja kuwa kweli.

Watoto hawaogopi dhoruba kama wanavyoogopa nyuso zetu wakati wa dhoruba. Na hofu yao hupungua wakipewa kazi yenye kikomo. Kushika ndoo chini ya tundu la mabati matatu ni kazi isiyo na kikomo. Kufunga madirisha mawili na kuleta tochi ni kazi inayokwisha, na ikikwisha mtoto anakuwa ameshinda. Sasa kwetu madirisha ni yake. Mama mwenye miaka sabini na ushee haburuti tena gunia. Yeye ndiye mwenye mfuko wa nailoni wenye vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, kadi za kliniki na karatasi za kiwanja, na akiushika anakaa kitini kama hakimu. Mke wangu ni wa mifugo na kuchomoa umeme. Mimi nikiwapo ni wa magunia. Nisipokuwapo, magunia yamekwishapandishwa kwenye chaga mapema, hakuna wa kuyaburuta. Tulikubaliana hayo Jumamosi moja mchana, jua linawaka, tukila makande. Ilituchukua muda mfupi kuliko ugomvi wa kawaida.

Jirani alilirudisha lile bati asubuhi, amelinyoosha kwa nyundo kadiri alivyoweza. Lilikuwa limemvunjia mbaazi mistari miwili na hakutaja. Nikataja mimi. Tukakubaliana nimsaidie kupalilia siku mbili, na Jumamosi iliyofuata tukaitisha msaragambo wa mtaro wa njia yetu, nyumba saba. Watu watano walikuja, wawili walituma soda. Si haba. Mtaro umechimbwa, na mvua zilizofuata zilipita humo.

Ukimaliza kusoma hapa, kama kwako jua bado linawaka, chukua ngazi. Nenda kwenye kona ya paa inayotazama upande unakotokea upepo, shika msumari mmoja kwa vidole viwili, uvute. Ukitoka, usiulize nani aliupigilia. Mpigie fundi.